Mafunzo ya Kujieleza kwa Uthabiti katika Tiba ya Tabia

Mgonjwa wa shinikizo la damu anayetumia enalapril huweza kupata kikohozi kikavu kisichokoma. Athari hiyo inajulikana, na dawa mbadala zipo. Hata hivyo wapo wanaoacha vidonge kimyakimya, kisha hurudi kliniki na kuitikia "naendelea vizuri, daktari", kwa kuwa kulalamika mbele ya mkubwa huonekana utovu wa adabu. Shinikizo hupanda bila dalili, na kiharusi hakibishi hodi.

Kwa watu kama hao, tiba ya tabia ina mafunzo ya kujieleza kwa uthabiti. Andrew Salter wa Marekani aliyawekea msingi katika kitabu chake cha mwaka 1949. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, akayaendeleza katika kitabu cha mwaka 1958. Kwa hoja ya Wolpe, hofu na kauli thabiti haziwezi kukaa pamoja: kila mtu anaposema anachohisi pale alipozoea kunyamaza, hofu hupungua nguvu.

Uthabiti si ukali. Mkali hudai haki yake kwa kumdhalilisha mwenzake, mnyonge huificha, mwenye uthabiti huisema waziwazi na kumheshimu anayemsikiliza. Shikamoo, basi, haina sababu ya kuondolewa.

Mgonjwa na mshauri hupanga hali zinazomtisha, kuanzia nyepesi, kama kudai chenji iliyopungua dukani, hadi nzito. Kisha huigiza. Mshauri huwa daktari, naye mgonjwa hutamka: "Shikamoo daktari. Vidonge hivi vinanikohoza usiku kucha, nami niliviacha wiki iliyopita. Naomba tutafute dawa nyingine." Mara ya kwanza sauti hufifia katikati na macho huangalia sakafu. Mshauri husifu kilichofaulu, hurekebisha jambo moja tu, wakati mwingine hubadilishana naye nafasi ili aone mfano, na zoezi hurudiwa mpaka maneno yatoke bila kutetemeka. Ndipo hupewa kazi ya kufanya nje ya chumba cha ushauri.

Tahadhari moja ni kubwa. Anayeishi na mwenzi mwenye kupiga asihimizwe kumkabili kabla usalama wake haujapangwa. Kauli thabiti huweza kumletea kipigo.

Mhudumu naye ana sehemu yake. "Unaendelea vizuri?" huvuta jibu la ndiyo. "Dawa hii inakusumbua vipi?" humpa mgonjwa ruhusa ya kusema.