Mtoto anayechelewa na kipande cha kromosomu kilichopotea

Mtoto hukua kwa hatua. Wengi huketi bila kushikwa kabla ya miezi 9 na kutembea kabla ya miezi 18. Wakifika miaka 2 huunganisha maneno mawili. Yuko anayechelewa kidogo kisha akawafikia wenzake. Lakini anayechelewa huku akiwa na kasoro nyingine mwilini anafaa kuchunguzwa. Chanzo kimoja kisichotajwa sana ni kupotea kwa kipande cha kromosomu.

Kromosomu ni nini? Ni nyuzi nyembamba ndani ya chembe za mwili, zinazobeba maagizo ya urithi. Binadamu ana 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kwa mama. Yai au mbegu ya kiume inapoundwa, kipande huweza kupotea. Mwaka 1963, daktari Mfaransa Jérôme Lejeune alieleza watoto waliokosa kipande cha kromosomu ya 5, ambao kilio chao hufanana na cha paka. Hali inayopatikana zaidi ni ya kromosomu ya 22, inayokadiriwa kumpata mtoto 1 katika kila 4,000 hivi.

Mtoto huyo huweza kuzaliwa na kasoro ya moyo, au kaakaa lililopasuka hata maziwa yakamtokea puani. Huugua mara kwa mara na huchelewa kusema. Wengine hupatwa na degedege kwa sababu ya upungufu wa kalisiamu katika damu. Hapo ndipo penye hatari: degedege hilo likidhaniwa ni malaria au kifafa tu, chanzo chenyewe huachwa bila kutibiwa.

Katika mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet, likizo ya uzazi ya miezi 3 ikiisha, mama mchumaji hurudi kazini na mtoto huenda akaachiwa nyanya yake. Mtoto akichelewa, maneno huanza: mama alibeba kapu zito akiwa mjamzito, au ukoo una laana. Ukweli ni kwamba kwa watoto wapatao 9 katika kila 10 wenye hali hii ya kromosomu ya 22, wazazi wao hawana kasoro hiyo. Kwa kawaida kipande kilipotea kabla mimba haijatungwa, kwa hivyo kapu halihusiki. Lakini mzazi aliye na hali hiyo huweza kuirithisha, nusu kwa nusu katika kila mimba.

Msomaji uliye mjini, ukipata habari kama hizi kutoka nyumbani, washauri waende hospitali na kitabu cha kliniki. Waombe mambo matatu: moyo uchunguzwe, kalisiamu ipimwe, na masikio yapimwe. Upasuaji wa moyo hufanywa Hospitali ya Tenwek, Bomet. Kwa masomo, viko vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilivyoanza mwaka 1984.

Kipimo cha kawaida cha kromosomu kwa hadubini mara nyingi hakioni kipande kidogo hivyo. Huhitajika kipimo maalum chenye gharama. Msingoje majibu yake ndipo mwanze matibabu. Kipande kilichopotea hakirudishwi, lakini moyo hutibika, kalisiamu huongezwa, na mtoto anayefunzwa kusema mapema hunufaika kuliko anayefichwa nyumbani.