Kijito Kibaki na Maji Yake

Shangazi, nafanya biashara hapa Tunduma, ila shamba aliloacha marehemu baba liko Ileje, kando ya korongo lenye msitu na kijito. Nataka kupanda parachichi, na kiangazi niyaelekeze maji yote ya kijito shambani. Mpwa wangu wa sekondari kagoma: kaona vyura wadogo kwenye miamba yenye unyevu, anasema watakufa. Kaka zangu wanamcheka. Kweli chura amnyime mtu riziki?
Mfanyabiashara, Tunduma

Mwanangu, msimcheke kijana. Anachokihofia kilishatokea kwenye korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa.

Mwaka 1996 waligunduliwa huko vyura wa manjano, ambao hata aliyekomaa hafiki sentimita 3. Hawatagi, huzaa vitoto vilivyokamilika. Dunia nzima walikuwa korongoni humo tu, kwenye majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilikuwa limeshaanza kujengwa. Megawati 180 tulizihitaji, silibezi hilo. Lakini karibu maji yote ya mto yalipopitishwa handakini, manyunyu yalikoma. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na korongoni vikafungwa vinyunyizio. Mwaka 2003 waliobaki wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ukakutwa hapo. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha korongoni, kwenye manyunyu ya mabomba.

Kinachoniuma ni kwamba Kihansi chura alijulikana kazi ikiwa imeshaanza. Wewe umeambiwa kabla hujashika jembe.

Parachichi panda, mwanangu, ila maji yote usichukue. Maji mengi ya Ileje huteremkia Ziwa Nyasa, kwa hiyo anzia Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Kuchepusha kijito bila kibali ni kosa, na sheria ya maji ya 2009 hutanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo mashamba. Waombe waje kupima kiangazi, kijito kikiwa chembamba. Kipimo cha masika kitakudanganya. Miche ikae mita 60 kutoka ukingoni, kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka. Tumia umwagiliaji wa matone, na ukiweza jenga tangi la kuvunia mvua. Miti ya korongoni usiikate hata mmoja, maana kivuli chake ndicho kinachoshikilia ule unyevu, na walio chini yako nao wanakitegemea kijito hichohicho.

Mpwa wako awapige picha vyura hao, aandike mahali na tarehe, kisha mwalimu wake wa baiolojia amsaidie kuzifikisha kwa wataalamu wa wanyama chuo kikuu. Asiwashike wala asiwahamishie kijito kingine. Na kabla ya kushuka korongoni aoshe viatu na kuvikausha kabisa, kwa sababu kuvu ile husafiri kwenye tope na maji.