Vinyama vya Utumbo na Uvimbe wa Ubongo katika Ukoo Mmoja

Tuanze na mfano niliouunda kwa ajili ya somo hili, ingawa kila sehemu yake yaweza kukutwa katika zahanati yoyote ya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kijana wa miaka 17 wa Wampembe, anayewasaidia wajomba zake kuvua migebuka, amekuwa akipata choo chenye damu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Amekwisha kupewa dawa ya amiba mara mbili na dawa ya kichocho mara moja. Safari hii amekuja kwa sababu nyingine: kichwa kinamuuma kila alfajiri, kisha anatapika. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vijidudu. Mama yake anaeleza kwa sauti ya chini kwamba baba wa kijana alifariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa na miaka 36, na shangazi yake alifariki utotoni kwa ugonjwa wa kichwa. Majirani wamekwisha kuamua ni nani aliyeiroga familia hiyo.

Mhudumu anayesikia habari hizi huzipokea kama misiba mitatu isiyohusiana. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba huenda ni ugonjwa mmoja.

Mwaka 1959 daktari mpasuaji wa Quebec, Kanada, aitwaye Jacques Turcot, pamoja na wenzake, alichapisha taarifa ya ndugu wawili, kaka na dada, waliokuwa na vinyama vingi katika utumbo mpana na ambao baadaye walipata uvimbe wa saratani katika mfumo wa fahamu. Tangu hapo muungano wa magonjwa hayo mawili huitwa sindromu ya Turcot. Vinyama hivyo, ambavyo wataalamu huviita polipu, ni vioteo vidogo vinavyochomoza kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Mwanzoni si saratani. Hatari yake ni kwamba baadhi hugeuka kuwa saratani kadiri miaka inavyopita.

Kwa muda mrefu wataalamu walibishana iwapo huu ni ugonjwa wa pekee. Mwaka 1995 uchunguzi wa familia 14 ulionyesha kwamba jina hilo moja limefunika kasoro za aina mbili. Ya kwanza, iliyokutwa katika familia 10, ni kasoro ya jeni iitwayo APC, iliyomo katika kromosomu ya 5. Kazi ya jeni hiyo ni kuzuia seli zisizaliane ovyo, na kila mtu ana nakala mbili zake, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Anayerithi nakala moja mbovu ni kama mwendesha baiskeli aliyebakiwa na breki moja: akiipoteza hiyo katika seli yoyote ya utumbo, kinyama huanza kuota. Ndiyo maana mtu huyo hupata mamia, pengine maelfu, ya vinyama tangu ujana wake, na asipotibiwa karibu hakika atapata saratani ya utumbo mpana, mara nyingi kabla au karibu na umri wa miaka 40. Katika kundi hili uvimbe wa ubongo kwa kawaida ni meduloblastoma, unaoanzia kwenye ubongo mdogo ulio upande wa kisogoni, na huwapata zaidi watoto na vijana.

Kasoro ya pili imo katika jeni zinazosahihisha makosa seli inaponakili DNA yake, mithili ya karani anayekagua daftari la hesabu. Hapa vinyama huwa vichache, na uvimbe wa ubongo huwa glioblastoma, ambao ni mkali zaidi. Mtoto aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, jambo linalotokea zaidi pale wazazi wanapokuwa na udugu wa damu, aweza kuwa na mabaka ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, na aweza kupata saratani ya damu akiwa bado mdogo.

Kwa nini hatuufikirii ugonjwa huu? Kwanza, ni nadra kweli. Hata miongoni mwa wenye kasoro ya APC, anayepata meduloblastoma ni chini ya mmoja katika mia, ijapokuwa uwezekano wake ulikadiriwa kuwa mara 92 ya ule wa watu wengine. Pili, tumerithi fundisho lililotuzoesha kutotazama upande huo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Uganda, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini kwa sababu ya vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Hoja yake ilikuwa na uzito, nami sitaki kuibeza. Lakini ugali wa ulezi na maharage havirekebishi jeni iliyoharibika. Kijana aliyezaliwa nayo huota vinyama awe Wampembe au Quebec.

Sasa turudi zahanati. Simlaumu aliyempa kijana yule dawa ya kichocho. Kichocho cha tumbo kipo katika mwambao wa ziwa, na choo chenye damu lazima kitazamwe kwa darubini kabla ya kuwaza mambo ya mbali. Kosa linaanza mgonjwa anapopewa dawa ile ile mara ya pili na ya tatu bila mtu kuuliza kwa nini damu haikukoma. Kijana aliyetibiwa ipasavyo na bado anatoka damu apimwe wingi wa damu, na achunguzwe njia ya haja kubwa kwa kidole chenye glavu. Uchunguzi huo hauhitaji umeme wala mashine, nao unaachwa mno kwa sababu ya haya ya mgonjwa na, niseme kweli, haya ya mhudumu. Katika ugonjwa wa APC vinyama hufika karibu daima hadi kwenye rektamu, hivyo kidole chaweza kuvigusa. Mtazame pia taya na ngozi: uvimbe mgumu wa mfupa wa taya, meno ya ziada, au vivimbe vya ngozi vilivyotokea utotoni ni dalili zinazoandamana na kasoro hiyo.

Kuhusu kichwa, maumivu yanayomwamsha mtu alfajiri, kutapika, kuyumba katika kutembea na kuona vitu viwili viwili ni dalili za shinikizo ndani ya fuvu hadi ithibitike vinginevyo. Mgonjwa wa namna hii asitolewe maji ya uti wa mgongo kabla ya picha ya ubongo, kwani aweza kufa papo hapo. Alazwe kichwa kikiwa kimeinuliwa na apewe rufaa ya dharura. Kutoka Wampembe maana yake ni kupanda kwenda Namanyere, kisha Sumbawanga, na huenda ni zaidi ya kilomita 1,000 nyingine hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo barua ya rufaa ibebe habari zote mbili, ya damu na ya kichwa, pamoja na habari ya ukoo. Daktari wa ubongo asiyeambiwa habari za choo hatauliza.

Kuchukua habari ya ukoo kwa Kiswahili kunahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa lugha yetu ni karimu kuliko jeni. Ukimuuliza mtu, "Baba yupo?" atakujibu kwamba yupo, akimkusudia baba mdogo aliyemlea. "Ndugu" aweza kuwa mtoto wa shangazi, wa jirani au wa kanisa moja. Uliza hivi: baba aliyekuzaa yuko hai? Alifariki akiwa na umri gani, na alianza kuumwa wapi? Mliochangia baba na mama mko wangapi? Wapo waliokufa wadogo? Chora mti wa ukoo kwenye karatasi mbele ya mgonjwa. Kutokuwapo mgonjwa mwingine katika ukoo hakuuondoi ugonjwa, kwani baadhi ya watu ndio wa kwanza kuwa na kasoro hiyo katika familia yao.

Mchoro huo una faida nyingine. Familia inayoona vifo vikishuka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu hutafuta sababu, na isipopewa sababu itaipata kwa mganga. Sijapata kuona hotuba ya kuwakemea watu ikisaidia. Lakini nimeona wazee wakiinamia karatasi na kutaja wenyewe majina ya waliosahauliwa.

Matibabu yapo. Meduloblastoma huondolewa kwa upasuaji, kisha hufuata mionzi na dawa. Aina inayotokana na APC ni miongoni mwa zinazoitikia tiba vizuri zaidi, hivyo kijana huyu asikatiwe tamaa kwa sababu ya neno saratani. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika taasisi ya MOI pale Muhimbili, na mionzi hutolewa Ocean Road na Bugando. Vinyama vikiwa vingi, dawa pekee ya kuaminika ni kuondoa utumbo mpana kabla haujageuka. Mgonjwa huuliza kama ataishi bila utumbo huo. Ataishi, atakula, ataoa na kuzaa, ila atakwenda chooni mara nyingi kuliko zamani na ataendelea kuchunguzwa.

Kila mtoto wa mwenye kasoro ya APC ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Kipimo cha jeni kikikosekana, kamera fupi ya sehemu ya chini ya utumbo yatosha kuanzia umri wa miaka 10 hadi 12, na irudiwe kila mwaka mmoja au miwili. Kijana wa mfano wetu ana mdogo wake wa kike mwenye miaka 11, asiyeumwa chochote. Jina lake liandikwe kwenye barua hiyo hiyo ya rufaa, na asafiri pamoja na kaka yake.