Mjoli, Somo, Shoga: Majina ya Undugu Usio wa Damu

Tunapofundishwa majina ya ujamaa darasani, kwa kawaida tunaanza na damu: mama, dada, shangazi, bibi. Lakini Kiswahili cha pwani kina fungu lingine la majina ambalo damu haikulizaa. Katika makala hii ninachukua matatu, mjoli, somo na shoga, na kuyasoma sambamba na maisha ya wanawake wawili wa jumba la sultani wa Zanzibar katika karne ya 19. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba katika zama za umwinyi, pale mwanamke alipoweza kung'olewa kwao na kuuzwa, undugu wa wanawake ulikuwa mapatano yenye wajibu, na lugha ilikuwa na majina ya kuyabeba.

1. Maneno yenyewe

Mjoli ni mtumwa mwenzako, yule mnayemtumikia bwana mmoja. Sokoni Butembo wala Beni sijalisikia neno hili. Wengi wetu tumekutana nalo katika Biblia ya Union Version, Mathayo 18, kwenye mfano wa mtumwa asiyesamehe. Somo ana maana tatu: rafiki, mwenye jina kama lako, na yule anayemfunda mwari. Maana ya pili inatuhusu sana huku kwetu, kwa kuwa majina ya Wanande hufuata zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, na kwa hiyo mtaa mmoja una masomo wasiohesabika. Shoga, kwa maana ya asili, ni mwanamke rafiki wa mwanamke mwenziwe. Leo mijini maana nyingine imelifunika, lakini kwa wanawake wa pwani ile ya kale bado ipo.

Tukiacha ile maana ya mfunda mwari, maneno haya yana tabia moja: yanakwenda na kurudi. Kama Fulani ni mjoli wangu, mimi pia ni mjoli wake. Ndivyo pia kwa masomo na mashoga. Bwana na mtumwa hawaitani hivyo, wala bibi na kijakazi. Hata mke mwenza ni neno la kwenda na kurudi, ingawa limebeba ushindani. Katika nyumba ambamo kila mtu alikuwa juu au chini ya mwingine, haya yalikuwa majina ya watu waliosimama usawa mmoja.

2. Jilfidan na Sara

Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, aliacha watoto 36, wote wa masuria, kwa hesabu ya binti yake Salme. Suria alikuwa mtumwa aliyewekwa nyumbani kama mke. Mtoto aliyemzalia bwana wake alikuwa huru.

Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ametuachia habari za mama yake katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Mama huyo, Jilfidan, alikuwa Msirkasi, yaani mtu wa Kaukasi. Vita vilipofika kwao, wazazi wake waliuawa, naye na kaka yake na mdogo wao wa kike wakachukuliwa na watu watatu tofauti. Mdogo wake alilia akimwita mama mpaka jioni, ndipo njia zikaachana. Jilfidan hakusikia tena habari zao. Alifika Zanzibar akiwa na miaka saba au minane, akajifunza kusoma pamoja na mabinti wa sultani wa rika lake.

Aliyepoteza mdogo wake hivyo alimpata jumbani mwanamke wa nchi yake, Sara, suria kama yeye. Wakaagana: atakayebaki hai baada ya mwenzake awe mama wa watoto wa marehemu. Sara akatangulia. Watoto wake, Majid na Khadija, walikuwa wameshakua, lakini Jilfidan alitimiza ahadi. Majid alipopata nyumba yake mjini, Jilfidan na Salme walihamia kuishi kwake.

Kitabu kiliandikwa kwa Kijerumani, kwa hiyo neno mjoli ninalileta mimi. Ninaona linafaa: wanawake wawili chini ya bwana mmoja walifunga undugu ambao bwana hakuwapa.

3. Undugu wa damu

Jilfidan alikufa katika kipindupindu cha mwaka 1859. Mwaka huohuo Barghash alifanya njama ya kumng'oa ndugu yake Majid, aliyekuwa sasa sultani. Khole, dada aliyependwa mno na Salme, alikuwa upande wa Barghash. Salme akamfuata Khole.

Kazi yake katika njama ilikuwa kuandika barua. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo kalamu aliyoipata kwa shida ilitumika dhidi ya mtoto wa Sara, akiwa na miaka 15. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na dada wakagawanyika. Hapa undugu wa damu ulivunja kile ambacho undugu wa mapatano ulikuwa umekijenga.

4. Mipaka ya ushahidi

Tusimsome Salme bila tahadhari. Alikuwa binti wa mwenye watumwa, na kitabu chake kinautetea utumwa. Wanawake waliochota maji na kuchuma karafuu hawakuacha kitabu. Sheria nayo iliwachelewesha wengine: amri ya mwaka 1897 ya kufuta utumwa Zanzibar iliwaacha nje masuria hadi mwaka 1909. Kwa wengi wao, ushahidi uliobaki ni maneno kama haya tuliyoyaona.

Jambo hili haliko mbali nasi. Kiswahili kilifika Kongo ya mashariki pamoja na misafara iliyobeba pembe na watumwa. Na tangu mauaji yaliyoanza mwaka 2014 katika eneo la Beni, wanawake waliokimbia vijiji vyao wamepokewa Butembo katika nyumba zisizo za ukoo wao. Nyumbani humo mwenyeji na mgeni wanaitana kwa jina fulani. Je, ni jina la kwenda na kurudi, au mmoja ni "mama" na mwingine ni "mkimbizi"? Je, jina hilo linamlazimu mtu kulea mtoto wa mwenzake akifa? Je, ni la Kinande au la Kiswahili?

Ninapendekeza wanafunzi wa idara yetu waanze kukusanya maneno hayo, kwa idhini ya wasemaji na bila kutaja majina yao, wakiandika kila mara nani anamwita nani, nani anajibu vipi, na jina hilo linamdai nini.