Kabla ya Kupanda Ndege, Hesabu Krediti

Kila tangazo la kubadilishana wanafunzi na vyuo vya nje likibandikwa ubaoni, stori za hosteli ni zilezile: viza inachukua muda gani, baridi ikoje, posho ni euro ngapi. Maswali mazuri hayo. Ila swali linaloamua kama utahitimu na wenzako ni jingine: masomo utakayosoma kule, huku yatahesabiwa? Hilo ndilo somo letu la leo. Mfano wetu ni Ujerumani, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, ambako nilisoma semista moja.

Tuanze na jina. Ukisema nyumbani kwamba unaenda chuo cha ufundi, watu wanafikiria VETA, wanakuuliza kama unaenda kujifunza kuchomelea. Kule jina lina historia yake. Vyuo vya aina hii vilikua karne ya 19, viwanda na reli vilipohitaji wataalamu. Cha Dresden kilianza mwaka 1828, na mwaka 1961 kikapewa jina la chuo kikuu cha ufundi. Leo kina uhandisi, tiba, lugha na ualimu, wakiwemo walimu wanaoandaliwa kwa ajili ya shule za ufundi. Kwa hiyo mwana-ualimu mwenzangu, usijifute kwenye orodha kwa sababu ya jina tu.

1. Krediti
Ulaya wanatumia krediti zinazoitwa ECTS. Mwaka mmoja una 60, semista 30. Kwetu, kwa utaratibu wa TCU, mwaka una krediti 120. Ukigawanya hapo, ECTS 1 ni sawa na krediti zetu 2. Lakini ngoja kwanza. ECTS 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi, na krediti yetu moja ni saa 10. Ukienda kwa saa, ECTS 1 inaweza kufika krediti 3. Maana yake kozi ileile ya ECTS 5 mmoja atakuhesabia krediti 10, mwingine 15. Na anayeamua si Dresden, ni idara yako hapahapa. Waulize wanatumia njia ipi, na wakujibu kwa maandishi.

2. Alama
Hapa ndipo watu wanachanganyikiwa. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, na 5.0 umefeli. Sisi GPA ya 5.0 ni ya kufanyiwa sherehe! Transkripti yenye 1.3 ikitua mezani kwa mtu asiyejua, anaona mtu wa kudisko, kumbe ni kichwa.

Wenyewe wana kanuni ya kugeuza alama za nje ziwe za kwao. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako. Jibu ligawanye kwa tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mfano, GPA 3.8: 5.0 toa 3.8 ni 1.2. Gawanya kwa 3.0, yaani 5.0 toa 2.0, unapata 0.4. Mara 3 ni 1.2, jumlisha 1 ni 2.2, ambayo kwao ni alama nzuri. Wakati wa kurudi hesabu inageuzwa, na kila chuo kina utaratibu wake. Ujue wa chuo chako kabla hujaondoka.

3. Mtihani
Huku tumezoea alama 40 za kazi za semista na 60 za UE, kwa hiyo ukiteleza mwisho kuna akiba. Kule kozi nyingi mtihani mmoja wa mwisho unabeba kila kitu. Halafu kuhudhuria kozi siyo kusajiliwa kwenye mtihani. Unajisajili mwenyewe ndani ya muda uliowekwa. Muda ukipita, hata kama hukukosa kipindi hata kimoja, huna mtihani. CR wa kukukumbusha kwenye grupu hayupo.

4. Kalenda
Muhula wao wa baridi ni Oktoba hadi Machi, wa kiangazi Aprili hadi Septemba. Vipindi vya kiangazi vinaisha Julai, mitihani inaweza kuendelea hadi Agosti. Sasa sisi wa ualimu TP yetu inaanguka wapi? Humohumo. Ukichagua kiangazi unaweza kupata krediti za kule ukapoteza mazoezi ya kufundisha ya huku. Muhula wa baridi ni salama zaidi, ila mitihani yake ni Februari na Machi, kwa hiyo omba mapema ruhusa ya kuchelewa semista ya pili.

Haya yote yanakutana kwenye karatasi moja, mkataba wa masomo. Unaorodhesha kozi za kule na zile za huku zitakazofidiwa, na una saini tatu: yako, ya chuo chako, ya chuo kinachokupokea. Ukifika ukakuta kozi imefutwa au inafundishwa kwa Kijerumani tu, mkataba urekebishwe na usainiwe upya. Ahadi ya mdomo koridoni haihesabiki.

Namjua mwenzetu mmoja wa chuo kingine aliyerudi na alama safi kabisa. Idara ikamwambia kozi zake hazifanani na za hapa. Akarudia semista na wadogo zake, mkopo umeshaisha, bumu hakuna, ada juu ya mama yake anayeuza vitenge. Wala hakuwa mzembe. Mkuu wa idara aliyemkubalia kwa maneno alikuwa amehamishwa.

Zoezi la wiki hii
(a) Andika kozi za semista unayotaka kuondoka na krediti zake.
(b) Fungua orodha ya kozi za chuo unachokitaka, tafuta inayofanana na kila moja.
(c) Geuza GPA yako kwa kanuni ya hapo juu.
(d) Peleka karatasi hiyo kwa mratibu wa idara, uulize: "Mwalimu, hizi zitahesabiwa ngapi?"

Ukishapata jibu lenye saini, sasa uliza habari za baridi.