Spika Inayokoroma

Hapa Mabamba, spika kubwa ya besi ikianza kukoroma, wengi husema, "Imekufa." Ngojeni kwanza.

Fungua kifuniko cha mbele. Tazama ukingo unaounganisha karatasi ya spika na bati la duara. Katika spika nyingi za zamani ukingo huo ni wa sponji. (Redio ndogo, kama zile zilizotufundisha "Mtu ni Afya" mwaka 1973, kwa kawaida zina ukingo wa karatasi.) Sponji huoza kwa unyevu na joto, hata spika isipopigwa. Iguse. Ikinata au ikimomonyoka, ugonjwa umeonekana. Sumaku na koili huenda bado ni nzima.

Usiendelee kuipiga. Karatasi ikikosa wa kuishika huyumba. Koili, yaani waya uliozungushwa, hujikwaruza kwenye chuma cha sumaku na kukatika. Hapo gharama ni nyingine.

Zima umeme, chomoa nyaya. Kwangua sponji kuukuu taratibu kwa kisu butu. Karatasi isichanike! Pima upana wa karatasi na wa bati, umwagize anayekwenda mjini ukingo mpya wa vipimo hivyo.

Bandika ukingo kwenye karatasi kwanza. Ukishika, bandika upande wa bati. Kabla gundi haijakauka, sukuma karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili. Sikiliza. Ukisikia mkwaruzo, sogeza ukingo kidogo mpaka uishe. Hapa ndipo penye ufundi. Kupaka gundi hata mtoto anaweza. Acha ikauke siku nzima.

Swali: Kwa nini tunasikiliza kabla gundi haijakauka?