Ona kwanza: somo kutoka kwa mkulima mwenye kamera



Mliopitia YCS mnaijua hii hata mkiamshwa usiku wa manane: Ona, Amua, Tenda. Njia hii tumeipata kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyefanya utume na vijana wafanyakazi, na mwaka 1961 Papa Yohane XXIII akaipendekeza katika waraka wake Mater et Magistra. Shida yetu wengi ni kukimbilia "tenda". Tunapanda miti siku moja, tisheti mpya, picha ya pamoja, basi. Leo tukae kwenye lile neno la kwanza.

Kuna mkulima wa Mutomo, Kitui, nchini Kenya, anaitwa Kisilu Musya. Kwa miaka kadhaa alishika kamera na kurekodi maisha ya familia yake na kijiji chake: ukame, mafuriko, dhoruba. Kazi yake, pamoja na ya Julia Dahr, mtengeneza filamu kutoka Norwe, ilizaa filamu ya makala Thank You for the Rain, iliyotoka mwaka 2017. Kama hujaitazama, itafute.

Kinachonigusa ni nani ameshika kamera. Tumezoea zile filamu ambazo mgeni anashuka kwenye gari, anampiga picha mama mwenye njaa, anaondoka. Hapa mwenye shamba ndiye anayetuonyesha shamba lake. Kwa hiyo hatuoni njaa tu. Tunamwona akiwashawishi majirani wapande miti, na tunamwona mkewe Christina akibaki na mzigo wa nyumba wakati mume yuko kwenye mikutano. (Kwangu mimi, Christina ni nusu ya ushujaa wote wa filamu ile.)

Sasa fungua Kutoka 3:7-8. Mungu anamwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake, amesikia kilio chao, anayajua maumivu yao, na ameshuka kuwaokoa. Kushuka kunakuja baada ya kuona na kusikia. Halafu linganisha na Luka 10. Kuhani na Mlawi nao walimwona yule majeruhi, jamani! Macho walikuwa nayo wote watatu. Msamaria peke yake ndiye aliyeona, akahurumia, akasogea. Papa Fransisko anadai hilohilo katika Laudato Si' namba 19: yanayoupata ulimwengu tuyaruhusu yawe maumivu yetu wenyewe, ndipo tujue mchango wetu.

Waraka huo ulitoka Juni 2015. Desemba mwaka huohuo Kisilu alikuwa Paris, kwenye mkutano wa COP21. Mkataba ulipitishwa, lakini mkataba hauteremshi mvua Kitui. Kazi ya kupanda miti na kuzungumza na majirani ilikuwa bado ni ya kijijini.

Wewe una simu mfukoni. Kabla ya kurekodi mto uliojaa taka au mzee aliyepoteza mazao, muulize mhusika kama anakubali, na umweleze picha itakwenda wapi. Akikataa, weka simu chini na umsikilize hivyohivyo. Ukimrekodi, rudi umwonyeshe yeye kwanza kabla ya kuituma popote. Kumwanika maskini ili upate "likes" ni kumtumia, hata ukiweka aya ya Biblia chini yake. Yeye ni sura ya Mungu kabla hajawa picha yako.

Kwa jumuiya yenu wiki hii: chagueni sehemu moja ya parokia ambako watu wanaumia kwa sababu ya mazingira. Nendeni mara tatu, na mara mbili za kwanza simu zibaki mfukoni. Mkirudi, kila mmoja ajibu: ni nani nimemfahamu kwa jina, na yeye mwenyewe angetaka watu waone nini?